UZI: Kibodi 14 za PS/2, betri za laptop na ESP32. Nataka zitembee bila waya

#1 Ticha_Waya

Wakuu salaam. Picha zitafuata, kamera ya simu yangu imekufa, kwa hiyo msianze na "uzi bila picha".

Intaneti kafe moja hapa Morogoro ilifunga. Kompyuta zikachukuliwa zote, kikabaki kiroba cha kibodi 14 ambazo hakuna aliyezitaka, kwa sababu ni zile za kichwa cha duara cha zambarau, PS/2, na kompyuta nyingi za siku hizi tundu hilo hazina. Nikazibeba zote kwa 7,000 na soda.

Mimi nafundisha tuisheni jioni. Wanafunzi 20 na ushee, kompyuta 1, projekta 1. Mtoto nikimwita mbele aandike jibu anatetemeka, anasahau hata jina lake. Nikawaza: kibodi ndiyo imfuate mtoto dawatini, aandike akiwa amekaa, wenzake waone ukutani. Waya wake una mita moja na nusu tu.

Nilichotumia: bodi ya ESP32 ya kawaida (kikompyuta kidogo chenye Bluetooth na Wi-Fi ndani) kwa 25,000, betri za 18650 (zile za mviringo) nilizozitoa kwenye betri ya laptop iliyokufa, chaja ndogo ya TP4056, na kibodi kidogo cha kupandisha volti, MT3608. (Samahani, "kibodi kidogo" nimemaanisha bodi ndogo. Kiswahili chetu nacho.)

Kwa wasiojua hizi kibodi zinavyoongea: kichwa kina pini 6 ila zenye kazi ni 4. Pini 1 ni data, 3 graundi, 4 volti 5, 5 ni saa. Hiyo saa ni mapigo yanayotoka kwenye kibodi yenyewe, kati ya 10,000 na 16,700 kwa sekunde, na kila pigo likishuka unasoma biti moja kwenye waya wa data. Biti 11 ndizo ujumbe mmoja: ya kuanzia, 8 za kitufe, ya ukaguzi, ya kumalizia. Ukibonyeza A inatoka namba yake, 1C. Ukiachia inatoka F0 halafu 1C. ESP32 inasikiliza hayo, inatafsiri (A kwa upande wa Bluetooth ni 04), inarusha. ESP32 haitaki zaidi ya volti 3.3 kwenye pini zake, kwa hiyo kila waya nimeuwekea rezista 2, 10k na 20k, kushusha ile 5.

Kitufe cha Pause kilinila usiku mzima. Kinatuma baiti 8 kwa mkupuo mmoja, na ukikiachia hakisemi kitu. Mimi nikawa nachomoa na kuchomeka waya nikidhani nimelehemu vibaya.

Siku ya pili ikakubali. Simu inaiona, laptop inaiona, nikaandika sentensi nzima nikiwa jikoni. Mama watoto akaniuliza ndio nini sasa.

Tatizo langu: betri ikiwa imejaa, mambo safi. Ikishuka kidogo tu, kibodi inapotea, inarudi, inapotea. Nimebadilisha maktaba ya Bluetooth (ile programu iliyoandikwa tayari na wengine) mara mbili, wapi. Msaada wakuu.

#2 kanyaboya77

Kariakoo kibodi isiyo na waya mpya, na kipanya chake, unaipata kwa 30,000. Wewe ESP32 tu 25,000. Hesabu za wapi hizi ticha?

#3 mpita_njia

Naweka kambi hapa.

#4 Ticha_Waya

@kanyaboya77 sikatai mkuu. Kama unataka kibodi 1 ya nyumbani, nenda Kariakoo, usinisikilize. Mimi ninazo 14 kwenye kiroba, na zile za 30,000 vitufe vyake mtoto wa darasa la sita anavimaliza muhula mmoja. Hizi zimepigwa na vijana wa mjini miaka yote hiyo na bado zinalia ka-ka-ka.

Halafu nataka kujua. Hilo nalo lina bei yake.

#5 Fundi_Msimbazi

Mwalimu, achana na maktaba za Bluetooth kwanza. Hiyo ESP32 umeme inaupata kupitia pini gani?

#6 Ticha_Waya

Shikamoo fundi. Ile iliyoandikwa VIN. Betri moja kwa moja kwenda VIN. MT3608 nimeiweka kwa ajili ya kibodi tu, inayotaka 5.

#7 Fundi_Msimbazi

Marahaba. Basi ugonjwa tumeuona.

Geuza bodi yako uangalie, karibu na tundu la USB kuna kidude cha miguu mitatu kimeandikwa AMS1117. Ndicho kinachoshusha umeme uwe 3.3. Kidude hicho kina ushuru: kinakula volti 1 na pointi kabla hakijakupa kitu. Kilitengenezwa kikijua kitapewa 5 ya USB. Wewe umekipa betri. Betri iliyojaa ni 4.2, toa 1.1, inabaki 3.1, ESP32 inapumulia juu juu lakini inaenda. Betri ikifika 3.7, ambako ndiko inakokaa muda mwingi wa maisha yake, inabaki 2.6. Hapo redio ikitaka kurusha inavuta mkupuo, volti zinaporomoka, chipu inajizima na kuwaka upya. Ukiichomeka kwenye kompyuta ukasoma inachoandika utaona neno "brownout" limejaa.

Vijana wengi wananiletea kazi ya namna hii wakilaumu Bluetooth. Kwenye kufuta waya, kurusha herufi ndiyo sehemu rahisi. Kibodi ya waya haikuwahi kufundishwa kubana matumizi, ilikuwa imechomekwa kwa tajiri. Leo unaihamishia kwa mtu wa kibarua, ndipo mambo yanapoanza.

Lisha vyote viwili kutoka kwenye ile 5 ya MT3608 halafu urudi.

#8 Nyakio_254

Habari zenu majirani. Niko Nairobi, vifaa nimenunua Luthuli Avenue wiki jana nikifuata huu uzi, na kabla mwalimu hajajibu wacha nionye watu kuhusu MT3608.

Hiyo bodi ina skrubu ndogo ya shaba ya kurekebisha volti. Nilizungusha kidogo, nikafikiri imetulia, nikaunganisha kibodi. Moshi. Nilipopima baadaye ilikuwa inatoa 20 na kitu, maana inaweza kupanda hadi 28. Skrubu yenyewe inahitaji mizunguko mingi kabla hujaona namba ikianza kusonga, kwa hivyo unadhani imekufa kumbe bado. Weka mita kwenye matokeo, zungusha bila kuchoka mpaka usome 5, NDIO uunganishe kitu. Kibodi yangu ilikuwa ya marehemu babu, ya kazini kwake. Imeniuma.

#9 Fundi_Msimbazi

Pole sana binti yangu. Ikifika 5, dondoshea hiyo skrubu tone la rangi ya kucha isije ikazungushwa na mtikisiko.

Fungua hiyo kibodi kabla hujaizika. Mara nyingine kimeungua kidude kimoja kwenye mlango wa umeme, mengine mazima.

#10 Ticha_Waya

Fundi, Mungu akuzidishie. Imetulia kabisa. Imeshinda imewaka, haijapotea hata mara moja.

Sasa nimeanza kupima ulaji. Kibodi na ESP32 pamoja zinavuta kama miliampia 130 kwenye 5. Hiyo ni wati 0.65. MT3608 nayo inapoteza, tuseme inafikisha asilimia 85, kwa hiyo betri inatoa wati 0.76, ambayo kwenye 3.7 ni miliampia kama 205. Betri yangu ya zamani imebaki na uwezo wa miliampia-saa 1,500 hivi. Saa 7 na dakika kadhaa.

Saa 7 kwa kibodi ni aibu. Vipindi vyangu ni saa 2 kwa hiyo nitaishi, ila nimejisikia vibaya.

#11 HeadshotDodoma

Na kipanya je? Nina cha waya cha kuchezea gemu, nakipenda, waya umeanza kukatika.

#12 BintiPemba

@HeadshotDodoma badilisha waya tu kaka. Bluetooth ya aina hii haiwezi kukutana na kompyuta kwa haraka zaidi ya kila milisekunde 7.5, yaani kama mara 133 kwa sekunde. Kipanya cha gemu kwa waya kinaripoti mara 1,000. Utakuwa umeshauawa kabla kishale hakijageuka. Halafu jicho lake linawaka muda wote, halijui kulala.

Kwa kuandika tu hizo milisekunde hakuna mtu anayezihisi.

#13 BintiPemba

Assalaam alaykum ticha. Nimesoma hesabu zako. Kwanza shusha mwendo wa ESP32 kutoka 240 hadi megahezi 80, Bluetooth bado itafanya kazi, chini ya hapo haitaki. Wi-Fi hakikisha umeizima kabisa. Na hiyo taa nyekundu ya bodi ing'oe, inakula bure.

Kuilaza kabisa usihangaike nako. ESP32 inaweza kulala usingizi mzito ikabaki na ulaji mdogo mno, lakini kibodi yako ya PS/2 itakuwa macho inaendelea kula. Ukiikatia kibodi umeme, basi hakuna wa kuiamsha ESP32 mtoto akibonyeza kitufe. Weka swichi ya kawaida kwa nyuma, yaishe.

Njia ninayoitumia mimi ni nyingine: naitupa bongo ya kibodi nje kabisa. Nachukua bodi ya nice!nano, yenye chipu ya nRF52840, naiwekea programu ya ZMK ambayo ni ya bure, inasoma vitufe yenyewe. Hiyo kazi ya kubana betri iliifikiria tangu siku ya kwanza, unachaji na kusahau kwa majuma. Ila hizo zangu ni za swichi moja moja, nalehemu waya kwenye kila safu. Zako za intaneti kafe naamini ndani ni karatasi za plastiki zenye mistari myeusi. Hapo kuna mtihani.

#14 Ticha_Waya

Waalaykum salaam. Ndiyo, karatasi 3 za plastiki. Nilijaribu kugusa ule mstari mweusi na pasi ya kulehemu, ukajikunja kama ngozi ya maziwa.

#15 BintiPemba

Hahaha, ule ni kaboni iliyochapwa, haishiki risasi ya kulehemu. Ukitaka njia hiyo unaibakisha ile bodi ndogo ya asili ambayo karatasi zinabanwa juu yake, unakata njia zinazokwenda kwenye chipu yake, unalehemu nyaya zako kwenye bodi hiyo. Mbano wa asili unaendelea na kazi yake.

Kisha hesabu. Kibodi kubwa yaweza kuwa na mistari 26, safu 8 kwa 18, na nice!nano ina pini 21. Zinazopungua unaongeza kwa chipu ya 74HC595, ZMK inaijua. Halafu ndo unakaa na mita kutafuta kitufe gani kimekutana na mistari gani, kimoja kimoja, vitufe 104. Kwa kibodi moja unayoipenda, sawa. Kwa 14 utaoa tena kabla hujamaliza.

#16 Ticha_Waya

Nimekuelewa dada. Nabaki na ESP32.

#17 Fundi_Msimbazi

Mwalimu, jambo moja kabla hujaridhika. Umewahi kujaribu kuilisha hiyo kibodi 3.3 badala ya 5? Karatasi ya maelezo ya kiwandani inasema 5, lakini chipu nyingi za ndani si wagumu kiasi hicho. Zinazokubali, huhitaji MT3608 wala rezista za kushusha. Unaweka regulata nzuri ya 3.3 isiyo na ushuru mkubwa, mfano ME6211, betri inaingia hapo, ESP32 unailisha pini ya 3V3 na kibodi hapo hapo.

Jaribu zote 14. Haigharimu kitu.

#18 mhasibu_Mwanza

Swali la mtu mwoga. Nikiandika nywila za benki kwa kibodi kama hii, jirani hawezi kuzidaka hewani?

#19 BintiPemba

Woga wako una msingi. Mwaka 2016 kampuni ya Marekani, Bastille, ilionyesha kwamba kibodi kadhaa za bei nafuu zinazotumia kile kidude chao cha USB zilikuwa zinarusha herufi hewani bila kuzificha kabisa, mtu aliye mbali kiasi anasoma kila unachoandika. Hizo si Bluetooth, zilitumia mitindo yao wenyewe.

Hii ya ticha ni Bluetooth, ina namna ya kuficha, lakini hakikisha kwenye programu umeweka iulize tarakimu 6 wakati wa kuunganisha. Mimi nywila ya benki bado naiandika kwa kibodi ya waya, lakini mimi ndivyo nilivyo.

#20 kanyaboya77

Basi na mie nimenunua ESP32. Msiniulize.

Swali: chaja yangu taa haitoki nyekundu kwenda bluu. Betri imekaa kutwa. Chaja mbovu?

#21 Fundi_Msimbazi

Kibodi ilikuwa imewashwa wakati unachaji?

#22 kanyaboya77

Ndio, nilikuwa natumia.

#23 Fundi_Msimbazi

Chaja nzima. TP4056 hujua betri imeshiba pale mkondo unaoingia unaposhuka hadi sehemu moja ya kumi ya ule iliopangiwa. Imepangiwa ampia 1, kwa hiyo inasubiri ushuke hadi miliampia 100. Wewe kibodi yako peke yake inanyonya zaidi ya 100, na chaja haijui kutofautisha anayekula ni betri au ni kibodi. Itasubiri mpaka kiama, na betri inakaa imebanwa kwenye 4.2 muda wote huo, jambo ambalo halifai. Zima swichi ndiyo uchaji.

Na kwa kuwa uzi umefika kwenye betri, niseme na wote, hasa mwalimu kwa sababu kitu hiki kitashikwa na watoto. Nunueni TP4056 yenye matundu 6, yenye ulinzi, na mzigo uunganishwe OUT, msiunganishe kwenye B. Betri ya laptop ikifa mara nyingi ni seli mbili tatu tu zilizoua wenzake, nyingine nzima, lakini pima kila moja. Uliyoikuta chini ya volti 2 itupe, usiihurumie. Inayopata joto ikichajiwa bila kazi, itupe. Usilehemu moja kwa moja kwenye tumbo la betri, joto la pasi linaiua kwa ndani, tumia kikopo chake cha kushikia au zile bati za nikeli zilizokuja nazo. Na uangalie chanya na hasi mara mbili, TP4056 ukiigeuzia betri inakufa hapo hapo bila kuaga.

#24 steshenari_kona

Wakuu samahani naingilia. Nina printa ya waya ya USB, LaserJet 1020, wateja wanataka kutuma kazi kwa simu. Hii njia inafaa?

#25 BintiPemba

Hapana, printa ni habari nyingine, na ni rahisi zaidi kwa sababu yenyewe imeshachomekwa ukutani, betri haina haja. Tafuta Raspberry Pi Zero W (kikompyuta kidogo chenye Wi-Fi), ichomeke printa, weka Linux na CUPS (programu ya kuhudumia printa), iunganishe na Wi-Fi ya dukani. Zingatia kuwa 1020 husahau programu yake kila ikizimwa, inabidi Pi iipakie upya kila ikiwaka. Kuna kifurushi cha foo2zjs kinachofanya hivyo. Fungua uzi wako mwingine nitakuja, tusimharibie ticha.

#26 steshenari_kona

Ahsante sana dada, nafungua.

#27 Ticha_Waya

Wakuu nimerudi, wiki 3 zimepita.

Kama alivyosema fundi: kati ya 14, zilizokubali volti 3.3 ni 9. Tatu zinawasha taa lakini vitufe haviitiki, 2 kimya kabisa. Zile 9 nimetoa MT3608 na rezista zote, ndani kumebaki peupe. Baada ya ushauri wa BintiPemba, megahezi 80 na taa kung'olewa, ulaji wote umeshuka hadi miliampia 60 na kidogo, na sasa zinatoka kwenye betri moja kwa moja bila kupandishwa. Betri ile ile iliyokuwa inadumu saa 7, juzi imekwenda saa 21 ndipo ikazima. Sijaamini nikarudia. Saa 20 na nusu.

Nimekamilisha 5. Watoto wanazigombania, hasa kwa sababu taa ya Caps Lock haiwaki na wanadhani ni za siri. (Haiwaki kwa sababu programu yangu inasikiliza tu, haijui kuituma amri ya ED kurudi kwenye kibodi. Nitakuja kuifanya.)

Mambo mawili yaliyonishinda kuyaona mapema. Moja, kompyuta ikiwa bado inawaka, kwenye ile skrini ya mipangilio kabla Windows haijaingia, kibodi hizi haziitikiwi. Kibodi 1 ya USB ya waya naiweka kabatini kwa siku hizo. Pili, zote 5 niliziacha na jina moja linalokuja na maktaba, "ESP32 Keyboard". Siku ya kwanza nimewasha mbili kwa pamoja nikaunganisha na kompyuta na simu yangu, Rehema akaandika jibu la hesabu, ukutani hamna kitu. Jibu lote limeingia kwenye simu yangu, ndani ya ujumbe niliokuwa namwandikia mwenye nyumba kuhusu kodi. Bahati nzuri hakubonyeza kutuma. Sasa kila moja ina jina la mto: Ruvu, Wami, Rufiji, Pangani, Kilombero.

#28 Nyakio_254

😂😂 "Kodi ni x sawa na 14." Mwalimu, ile ya babu nimeifungua kama fundi alivyoniambia. Ilikuwa kapasita moja tu imepasuka. Nimebadilisha, imeamka. Nitaiita Tana.

#29 Fundi_Msimbazi

Hongera binti yangu.

Mwalimu, zile 5 zilizokataa usizitupe. Zikusanye ukija Dar upite nazo.

#30 kanyaboya77

Yangu imekubali leo saa tisa usiku. Ticha, ile kodi ya programu yako yenye Pause iliyotengenezwa iko wapi? Usiseme "nitaweka".

#31 Ticha_Waya

Nitaweka. Jumamosi, umeme ukiwepo. Na hongera mkuu, za Kariakoo bado zipo 30,000?

#32 kanyaboya77

Sijui, sijapita huko.